Kamera Ikigeuza Uso, Inatazama Nini?

Kuna tukio katika filamu ya Anatomy of a Fall ambalo nimelirudia mara nne, na kila mara nywele zinanisimama palepale. Mahakama inasikiliza ugomvi uliorekodiwa: mume na mke wanazozana, siku moja kabla mume hajaanguka kutoka darini na kufa. Mwongozaji, Justine Triet, anatutoa mahakamani na kutupeleka nyumbani kwao tukaone kwa macho. Samuel analalamika kwamba hana muda wa kuandika. Sandra, mkewe anayeshtakiwa sasa kwa kumuua, anamjibu kuwa hakuna aliyemzuia. Ya kale yanafukuliwa, sauti zinapanda, na wewe mtazamaji umeshajikunja kwenye kiti kwa sababu unajua kinachokuja. Mikono inapoanza tu kufanya kazi, tunarudishwa mahakamani. Tunasikia kioo kikivunjika, makofi, vishindo, mtu akihema. Tunachokiona ni nyuso za watu waliokaa kwenye mabenchi, wanasikiliza kama sisi, hawajui zaidi yetu.

Nani alimpiga nani? Sandra ana maelezo yake, mwendesha mashtaka ana yake. Picha ambayo ingemaliza ubishi tumenyimwa sekunde ileile tulipoihitaji.

Miaka hii miwili mitatu nimeona filamu nyingi zilizojengwa hivi. Jambo kubwa kuliko yote, lile ambalo zamani ndilo lingejaa kwenye trela, halionyeshwi. Sisi wapenzi wa sinema tumezoea kulisifu: "kaficha vizuri," "kamwachia mtazamaji kazi." Nami nimesifu hivyo mara nyingi hadi nikaanza kujishuku. Kuficha si kazi ngumu. Asiye na fedha za kutosha huficha, na mwoga naye huficha. Halafu kamera haina kope. Haiwezi kufumba macho ikapumzika; ikiacha kutazama hapa, lazima itazame pale. Siku hizi filamu naipimia kwa hilo "pale".

(Naomba radhi mapema, maana nitamwaga mchele penye kuku wengi. Anayetaka kushtukizwa na filamu hizi azitazame kwanza, makala haitaoza.)

Nianze na mwanamke mmoja aliyeonekana mara mbili. Sandra Hüller ndiye huyo Sandra wa mahakamani, na mwaka huohuo wa 2023, kwenye tamasha lilelile la Cannes, ndiye aliyekuwa Hedwig Höss katika The Zone of Interest ya Jonathan Glazer. Ya kwanza iliondoka na Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, ya pili ikachukua Grand Prix, ambayo ni tuzo ya pili kwa ukubwa pale. Katika ya kwanza hatujui kama ameua. Triet hata yeye Hüller hakumwambia. Alimtaka tu aigize kama mtu asiye na hatia. Katika ya pili tunajua kila kitu tangu mwanzo, Hedwig naye anajua, na bado linalomshughulisha asubuhi hadi jioni ni bustani yake.

Hedwig ni mke wa Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Ukuta wa bustani yao ndio ukuta wa kambi. Upande huu kuna maua, bwawa dogo la kuogelea, watoto na mbwa. Upande wa pili tunaona mapaa, bomba la moshi, na usiku wekundu angani. Hakuna hata mauaji mamoja tunayoyashuhudia.

Filamu inaanza na giza. Skrini nyeusi, muziki wa Mica Levi unazama taratibu kama kitu kinachoshushwa kisimani, dakika 2 na zaidi. Ukumbini nilimokuwa, mtu wa safu ya mbele aliwasha tochi ya simu akageuka kuangalia kule juu inakotokea picha. Mwingine akacheka. Nilidhani na mimi kuwa mitambo imekufa. Kumbe tulikuwa tunaelekezwa kazi yetu: humu mtatumia masikio.

Glazer alitega kamera hadi 10 ndani ya nyumba na bustanini, zote zikirekodi kwa wakati mmoja, na mpiga picha hayumo chumbani. Waigizaji wanaingia na kutoka, wanalaza watoto, wanabishana, hawajui ni kamera ipi itakayotumika. Ndiyo maana picha zake hazina ule ukaribu tuliouzoea. Hakuna chozi linalosogelewa, hakuna uso unaobembelezwa na taa. Unatazama kama mlinzi aliyekaa mbele ya skrini za usalama za nyumba ya mtu, na nyumba yenyewe haina wizi wowote wa kukamata, ina watu wanaoishi tu.

Hedwig analetewa koti la manyoya. Analipandisha chumbani, anajifungia, analivaa mbele ya kioo, anajigeuza huku na huku. Anatia mkono mfukoni, anakuta rangi ya mdomo. Anaifungua, anajipaka. Basi. Koti lilikuwa na mwenyewe, na rangi ile ilishagusa midomo ya mwenyewe. Hakuna anayesema neno, muziki haulii, kamera imesimama mbali vilevile. Mwenye koti hatumwoni wala hatujui jina lake, na ndiye ninayemkumbuka kuliko wote waliofungua kinywa katika filamu ile.

Nimesikia malalamiko kwamba The Zone of Interest ni filamu ya mbinu moja: ukishaelewa mchezo baada ya dakika 20, mengine ni marudio. Nilikaribia kukubali. Lakini mara ya pili niliitazama nikiwa na hedifoni, nikagundua jambo la aibu. Yale yote ya nyuma ya ukuta, milio ya risasi kwa mbali, mbwa, treni, watu wakipaza sauti, ule ungurumo usiokatika wa tanuri, mara ya kwanza kufikia katikati nilikuwa nimeacha kuyasikia. Nilikuwa nafuatilia kama Rudolf atahamishwa, na kama Hedwig atakubali kuiacha nyumba yake nzuri. Nilikuwa na wasiwasi wa kuhama! Hiyo mbinu moja inazihitaji dakika zote 105, kwa kuwa mtu hazoei jambo kwa dakika 20. Kamera ilitazama maua ikanifanya nami niyatazame. Sijaisamehe, na hiyo ni sifa ninayoitoa kwa filamu chache.

Usiku wa tuzo za Oscar wa Machi 2024, tuzo ya sauti ilienda kwa filamu hiyo. Oppenheimer ya Christopher Nolan, kisa cha mwanasayansi aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, iliondoka na tuzo 7, ya filamu bora ikiwemo, ila kwenye sauti filamu ya bomu ilishindwa na filamu ya bustani. Nilicheka peke yangu.

Haki yake nimpe Nolan. Jaribio la Trinity, mlipuko wa kwanza wa bomu lile, la tarehe 16 Julai 1945, amelitengeneza kwa akili: mwanga unajaa skrini na hakuna sauti, ni pumzi za watu tu, unakaa unasubiri hadi umesahau kuwa unasubiri, kisha mshindo unakuja kukupiga kifuani. Ndivyo fizikia ilivyo, mwanga hutangulia na sauti hufuata, na yeye amegeuza umbali huo kuwa hofu. Na tukio la ukumbini, Oppenheimer akiwahutubia wafanyakazi wake baada ya Hiroshima, ni zuri zaidi. Watu wanapiga miguu chini kwa shangwe. Sauti inakatika. Mwanga mweupe unaingia, ngozi ya uso wa msichana mmoja anayeshangilia inaanza kubanduka, na mguu wa Oppenheimer unazama kwenye kitu kilichokuwa mwili wa mtu, sasa mkaa. Hapo kamera haikwenda Hiroshima, lakini iliileta Hiroshima kwa walioituma. Ningeishia hapo ningesema amefaulu.

Kinachonikera kinakuja baadaye. Picha za mji ulioungua zinaonyeshwa ukutani, msemaji anaeleza yaliyowapata watu. Sisi tunaona nini? Uso wa Oppenheimer, mwanga wa projekta ukimcheza mashavuni. Anainamisha macho. Kamera inabaki naye.

Utetezi unaotolewa naujua, na una uzito. Hadithi inasimuliwa kutoka kichwani mwake. Nolan aliziandika zile sehemu za rangi kwa nafsi ya kwanza, mimi nilifanya hivi, mimi nikaona vile. Asichokitazama yeye, sisi tukitazameje? Sawa. Lakini filamu ileile ina sehemu za picha nyeusi na nyeupe, na hizo hazimo kichwani mwa Oppenheimer hata kidogo. Ni za Lewis Strauss, hasimu wake, akihojiwa mwaka 1959 na maseneta kama anafaa kuwa waziri wa biashara. Kumbe kichwa cha Oppenheimer kina mlango na Nolan anao ufunguo! Anatoka anapotaka. Katika filamu ya saa 3 alitoka mara nyingi, kwenda kumsikiliza bwana mmoja akililia uwaziri. Kwenda Japani ndiko kulikoshindikana.

Sisemi nilitaka maiti. Angeniwekea watoto wanaoungua kwenye skrini ya IMAX, na mshindo wa spika zile, ningekuwa wa kwanza kulalamika kwamba amegeuza mauti kuwa fataki. Ninachosema ni kwamba kamera ilipogeuza uso ikakutana na mashavu yaliyobonyea ya Cillian Murphy anayemwigiza Oppenheimer, uso mzuri unaoteseka, ikaridhika. Ilidhani imeshalipa deni.

Walter Salles angeweza kujikwaa palepale. I'm Still Here, filamu yake ya mwaka 2024, ni kisa cha kweli cha familia ya Rubens Paiva, aliyewahi kuwa mbunge nchini Brazili. Januari 1971, enzi za utawala wa kijeshi, alichukuliwa nyumbani kwake Rio de Janeiro, na hakurudi. Mwili wake haukupatikana. Sehemu ya kwanza ya filamu ni ufukwe, muziki, watoto watano na marafiki wao, nyumba ambayo mlango wake hauna habari ya kufungwa. Kisha wanaume wasiojitambulisha vizuri wanaingia, na la kwanza wanalofanya ni kuvuta mapazia. Eunice, mke wa Rubens, anawauliza kama wamekula. Rubens anavaa suti na tai, anaingia kwenye gari lake mwenyewe, anaondoka nao.

Filamu nyingine ingemfuata. Kuna chumba huko, kuna mateso, kuna nafasi ya mwigizaji kupata tuzo. Salles hamfuati hata hatua moja. Anabaki na nyumba, na nyumba sasa ina giza saa sita mchana.

Eunice mwenyewe anachukuliwa, anashikiliwa siku 12, na huko anachokipata zaidi ni sauti zinazopenya kuta. Anarudi, anaoga, anajisugua na kujisugua. Halafu kinaanza kile ambacho filamu za mateso huwa hazina muda nacho: hesabu. Fedha ziko benki, na benki inataka saini ya mume. Mume yuko wapi? Serikali inasema haina habari naye. Basi aje asaini. Nilikaa pale nikaona kwamba huu ndio ukatili ambao kamera ya chumba cha mateso isingeuona kamwe, mtu aliyefutwa ambaye karatasi bado zinamdai.

Kuna mpiga picha wa gazeti anayekuja kuwapiga familia picha baada ya baba kutoweka. Anataka wasitabasamu sana. Ni habari ya huzuni. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Wanatabasamu wote, meno nje, na ndiyo picha iliyoniliza katika filamu nzima. Cheti cha kifo cha Rubens kilitolewa mwaka 1996, miaka 25 baadaye, Eunice akiwa ameshasomea sheria na kuwa wakili. Anakishika mbele ya waandishi wa habari kama mtu aliyepata stashahada.

Fernanda Torres anaigiza haya yote kwa kupunguza: sauti chini, mabega sawa. Mwishoni Eunice ni mzee aliyepotelewa na kumbukumbu, na anayemwigiza ni Fernanda Montenegro, mama mzazi wa Torres, aliyewahi kupendekezwa kuwania Oscar mwaka 1999 kwa filamu nyingine ya Salles huyuhuyu. Hasemi hata neno. Televisheni inaonyesha sura ya Rubens, na kitu kinapita usoni mwake, kidogo, kama samaki chini ya maji.

Utaniuliza, na una haki: si uso uleule? Kwa Nolan nimelalamika kwamba kamera iling'ang'ania uso, kwa Salles nalia. Jibu langu ni kwamba uso wa Eunice ndiko jambo lilikotokea. Aliyedhulumiwa ni yeye, na kumtazama yeye ni kulitazama jambo lenyewe. Kumtazama Oppenheimer wakati Hiroshima iko ukutani ni kumtazama aliyefanya, na kumwonea huruma kwa kuwa hawezi kutazama. Hizo si picha mbili za aina moja hata kama mwanga umewekwa vilevile.

Conclave, ile ya makadinali wanaomchagua papa, nayo ina siri, lakini inaficha kama mfanya mazingaombwe anavyoficha njiwa, ili akutoe wewe pumzi na yeye apigiwe makofi. Nilipiga makofi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshaisahau.

On Becoming a Guinea Fowl ndiyo ninayotaka kuwasukumia watu, maana wengi imewapita. Rungano Nyoni, aliyezaliwa Lusaka na kukulia Wales, aliiongoza na kushinda kwayo tuzo ya mwongozaji bora katika kipengele cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2024, akiigawana na mwenzake. Shula anaendesha gari usiku akitoka kwenye sherehe, amevaa suti nyeusi iliyofura kama puto na kofia inayometameta, anakuta maiti barabarani. Ni mjomba wake, Fred. Anapiga simu kutoa taarifa kwa sauti ya mtu anayeripoti pancha.

Kwa nini halii? Msiba unaanza, ndugu wanafurika nyumbani, na Shula anafokewa kwa macho makavu. Jibu linatujia kwa vipande. Binamu yake Nsansa, akiwa amelewa, anasimulia alichofanyiwa na mjomba alipokuwa mtoto, na anasimulia anacheka. Taratibu tunaelewa kwamba hayuko peke yake. Hakuna tukio hata moja la zamani linaloonyeshwa. Wakati wote huo kamera iko jikoni na uani: masufuria, magodoro yaliyotandikwa chini, mabinti wakipiga magoti kuwauliza wazee wa kiume watakula nini. Mjane, msichana mdogo kabisa, anashutumiwa kwamba hakumtunza mumewe.

Nilichukua muda kuelewa kwamba hapa anayeficha si mwongozaji. Katika filamu nyingine nilizozitaja, kuna mtu nyuma ya kamera aliyeamua kugeuza uso. Hapa uso umegeuzwa na ukoo mzima, tangu zamani, kwa wimbo na kwa ugali, na Nyoni anachofanya ni kuutazama ugeuzaji wenyewe. Kila sahani inayopelekwa kwa wanaume ni jambo moja limefunikwa. Wakubwa wanajua. Hilo ndilo linalotia baridi, kwamba hakuna siri ya kufichuliwa kwa sababu wote wanajua.

Mwishoni zinasikika sauti za kanga, ndege yule ambaye filamu imeshatueleza, kupitia kipindi cha zamani cha televisheni cha watoto, kwamba akimwona adui hupiga kelele kuwaonya wanyama wengine. Ukumbini mtu wa nyuma yangu alicheka, akanyamaza katikati ya kicheko.

Kwa The Brutalist ya Brady Corbet ninayo hasira ya mtu aliyependa. Dakika 215, na katikati mapumziko ya dakika 15, picha ya harusi kwenye skrini na saa ikihesabu kurudi nyuma. Nawaomba waongozaji wote wa filamu ndefu waige mapumziko hayo kesho asubuhi. Watu walitoka, wakanyoosha miguu, wakabishana kwenye korido, wakarudi wakiwa watazamaji bora kuliko walivyotoka. Filamu inamfuata László Tóth, msanifu majengo Myahudi kutoka Hungaria aliyenusurika kambi za Wanazi, anayeanza upya Marekani na kupewa na tajiri kazi ya kujenga jengo kubwa juu ya kilima. Kambi hatuzioni. László hazisimulii. Tunaona zege. Vyumba vyembamba, dari ndefu mno, mwanga unaoingia juu kabisa. Kwa saa 3 nilikuwa nikiyatazama majengo yale nikihisi kuna kitu ndani yake, na nilifurahia kutokijua.

Kisha unakuja mwaka 1980, maonyesho ya usanifu mjini Venice, mpwa wake anasimama jukwaani na kutueleza. Vyumba vile vilichukua vipimo vya kambi alizofungwa László na mkewe. Dari ndefu ni kwa sababu hii, njia ya chini ni kwa sababu ile. Nilitaka kumrushia kitu. Wapo wanaosema mpwa anamsemea mjomba wake asiyeweza tena kusema, huenda hata anapotosha, na kwamba ndiyo kejeli yenyewe ya Corbet. Inawezekana, ni usomaji mzuri. Lakini sikio langu lilisikia mtu akisoma majibu ya mtihani nilioupenda bila majibu. Kama ulikuwa na nia ya kusema, ungesema mapema nikalale.

Baada ya hayo yote, Sinners ya Ryan Coogler, ya Aprili 2025, ilinifanyia kama maji ya baridi. Hii haifichi kitu! Mississippi mwaka 1932, ndugu pacha Smoke na Stack, wote wawili ni Michael B. Jordan, wanarudi kwao kufungua ukumbi wa muziki wa watu weusi kwenye kiwanda cha mbao cha zamani, na usiku wa kwanza wanavamiwa na wanyonya damu. Damu unaiona, jasho unaliona, meno unayaona. Mpiga picha Autumn Durald Arkapaw ni mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa kamera za IMAX za filamu ya milimita 65, na anazitumia bila woga. Skrini inapanuka na kurefuka kana kwamba inavuta pumzi.

Kuna tukio la kijana Sammie kuimba. Anaanza na gitaa lake, watu wanacheza, kamera inapita katikati yao. Ghafla kuna mpiga gitaa la umeme ambaye hakupaswa kuwa amezaliwa. Kuna mpiga ngoma wa Afrika Magharibi. Kuna DJ na mashine zake, kuna wacheza opera ya Kichina kwa ajili ya familia ya Kichina iliyomo ukumbini. Waliokufa na ambao bado hawajaja wanacheza sakafu moja, na paa linawaka moto. Kwa maandishi ni upuuzi. Nikiwa nimekaa pale nilisahau kwamba nina mwili. Coogler angeweza kutuonyesha uso wa Sammie tu, macho yamefumbwa, tukadhani tunaona anachoona. Watu wa tuzo wangeita huo ukomavu. Yeye akafungua mlango na kuwaingiza wote.

Ina kasoro. Yale mapigano ya bunduki ya asubuhi dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ni kama filamu nyingine iliyoshonewa mkiani, ile ya zamani ambapo sisi sote tulijua steringi hafi mapema na risasi zake hazikosi. Nilishangilia na wenzangu, kisha nikaona haya kidogo. Lakini naikumbuka kila ninapomsikia mtu akisema sinema nzuri ni ile inayonong'ona.

Ya mwisho niliyoiona ukumbini ni Flow, katuni ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bure, na ikashinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Dakika 85 bila neno la binadamu. Kuna mafuriko, kuna paka mweusi, na kuna mashua ambamo polepole wanakusanyika mbwa, lemuri, kapibara na ndege mmoja mrefu mweupe. Wanyama hawa hawasemi wala hawavai suruali. Paka anatapika nywele kama paka.

Dunia yao imejaa vitu vya watu: nyumba yenye kitanda ambacho hakijatandikwa, meza ya mchongaji yenye vinyago vya paka, mji mzima wenye ngazi na mifereji. Watu wenyewe hawapo. Hakuna mfupa, hakuna kaburi, hakuna gazeti linalopeperuka likiwa na kichwa cha habari cha kutusaidia. Kamera iko chini, kimo cha paka, na inajua anachojua paka. Haijageuza uso, maana haikuwahi kujua kwamba kuna kitu cha kutazama.

Nyuma yangu alikaa mtoto, labda wa miaka sita. Dakika kama 10 hivi zilipopita aliuliza kwa sauti, "Mama, watu wameenda wapi?" Mama akamwambia anyamaze, atazame. Akauliza tena paka alipoingia kwenye ule mji. Mama hakujibu, nadhani naye alikuwa anasubiri kuambiwa. Mara ya tatu mtoto aliuliza kwa kunong'ona. Baadaye maji yakashuka, nyangumi akaachwa juu ya nchi kavu katikati ya msitu, paka akamwendea akamwegemeza kichwa, na ukumbi mzima ukatulia. Nikawa namsubiri mtoto yule aulize. Nikageuka kidogo. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono imeshika mgongo wa kiti changu, anamtazama nyangumi.